Muziki Una Mwenyewe

Upo msemo unaopendwa na watu wengi, na ambao umeingia hata madarasani: ati muziki hauna mwenyewe. Anayeusema hudhani kuwa ametoa hoja ya ukarimu. Sauti, kwa maoni yake, ni kama upepo. Hupita kwa jirani bila kubisha hodi, na kila aipendaye na aivute. Tumeusikia msemo huo katika midahalo ya wanafunzi. Tumeusikia kwa viongozi wa bendi na wa vikundi vya ngoma. Na lililotuhuzunisha zaidi, tumeusikia kwa walimu wenzetu, walipotueleza kwa nini wimbo waliouchukua kwa bibi mmoja wa kijijini uliimbwa jukwaani, ukashangiliwa na kutuzwa, bila bibi huyo kutajwa hata kwa jina.

Sisi tunaukana msemo huo. Tunasema kwamba muziki una mwenyewe. Tunasema pia kwamba kuazima si dhambi, ila kuazima kuna masharti yake, nayo ni matatu: kumtaja mwenye mali, kujifunza maana ya kile unachokiazima, na kugawana matunda. Anayetimiza sharti moja na kuyaacha mawili hajaazima, amejichukulia.

Ili hoja yetu isielee hewani, tutaisimamisha juu ya mfano mmoja. Mfano huo hatukuutafuta nyumbani, kwa kuwa mtu huliona kosa la jirani upesi kuliko lake. Na tuanze basi na jirani, kisha turejee kwetu. Jirani mwenyewe ni bendi ya Talking Heads ya New York, Marekani, moja ya bendi mashuhuri za ule mtindo wa roki ulioitwa "wimbi jipya", ulioibuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1970.

Watakuwapo watakaouliza: roki na utamaduni wa taifa vinahusiana nini? Tunawajibu kwa kuwakumbusha hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya Desemba 1962, alipoeleza sababu za kuanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwalimu alisikitika kwamba wengi wetu tulijifunza kucheza rumba, chachacha na roki, lakini hatukuijua gombe sugu, mangala wala lelemama. Maneno hayo hunukuliwa mara nyingi. Yasiyonukuliwa ni yale yaliyofuata, ambamo alionya kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu. Basi tunapoichunguza bendi ya roki hatumkaidi Mwalimu. Tunafanya ile nusu ya pili ya kazi aliyotuachia.

Asili ya bendi

David Byrne, Chris Frantz na Tina Weymouth walikutana katika chuo cha sanaa cha Rhode Island mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walihamia New York, na mwezi Juni 1975 wakapiga kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa CBGB, wakiwatangulia jukwaani bendi ya Ramones. Byrne aliimba na kupiga gitaa, Weymouth alishika gitaa la besi, Frantz alipiga dramu. Mwaka 1977 aliongezeka Jerry Harrison, mpiga gitaa na kinanda, na mwaka huo huo ikatoka santuri yao ya kwanza, iliyoitwa Talking Heads: 77.

Walikuwa vijana weupe waliosoma, waliovaa mavazi ya kawaida kama ya makarani, na waliopiga muziki mkavu, wa haraka, wenye wasiwasi ndani yake. Katika santuri ya pili, ya mwaka 1978, walianza kufanya kazi na mtayarishaji kutoka Uingereza, Brian Eno. Wimbo uliowatangaza zaidi katika santuri hiyo haukuwa wao. Ulikuwa "Take Me to the River", wa mwimbaji Mmarekani Mweusi Al Green, alioutunga pamoja na Mabon Hodges. Msomaji aliweke jambo hili akilini. Wimbo huo ulikuwa na watunzi waliojulikana kisheria, na kwa hiyo majina yao yaliandikwa kwenye santuri kama ilivyopasa. Hapakuwa na aliyesema kwamba muziki hauna mwenyewe.

Santuri ya mwaka 1980

Eno ndiye aliyemfungulia Byrne mlango wa muziki wa Fela Kuti wa Nigeria. Katika santuri yao ya tatu, Fear of Music ya mwaka 1979, wimbo wa kwanza tayari ulikuwa na mapigo ya Afrika, huku maneno yake yakiwa yametolewa katika shairi lisilo na maana la Hugo Ball, mshairi wa Kijerumani. Katikati ya mwaka 1980 wakaenda Nassau, katika visiwa vya Bahama, kutengeneza santuri ya nne, Remain in Light, iliyotoka Oktoba mwaka huo.

Namna walivyoifanya kazi hiyo inastahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu ndipo ilipo thamani yake. Waliingia studio bila nyimbo. Kila mmoja alibuni kipande kifupi akakirudia, kikapishana na kipande cha mwenzake, na cha mwenzake kikapishana na cha tatu. Aghalabu wimbo mzima ulikaa juu ya sauti moja ya gitaa bila kuhama. Maneno yalikuja mwisho. Yeyote aliyepata kusimama karibu na wapiga ngoma wa kwetu anautambua utaratibu huu. Ngoma ndogo haipigi wimbo, wala ngoma kubwa haipigi wimbo. Wimbo huzaliwa katika nafasi iliyopo baina yao. Mtoe mmoja, na kilichobaki ni kelele. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: vijana hawa walisoma. Walipowatumia waandishi wa magazeti santuri hiyo, waliiambatanisha na orodha ya vitabu vilivyowaongoza, kikiwamo kitabu cha John Miller Chernoff juu ya mapigo ya Afrika, kilichotoka mwaka 1979, ambacho mwandishi wake alikitunga baada ya kujifunza kupiga ngoma kwa mabingwa wa Ghana. Ni wanamuziki wangapi wa roki waliowahi kufanya hivyo? Tena walipokwenda jukwaani Agosti 1980, hawakwenda wanne. Walikwenda tisa, Weusi kwa weupe, kwa kuwa walitambua kwamba muziki wa namna ile haupigwi na watu wachache. Tunawasifu kwa hayo bila kusita. Sharti la pili, la kujifunza, walilitimiza kuliko wengi.

Sharti la kwanza je? Hapo ndipo mguu ulipoteleza. Orodha ile ya vitabu ilipelekwa kwa waandishi wa magazeti. Kijana aliyeinunua santuri dukani hakuiona. Kwenye santuri yenyewe jina la Fela halikuwamo miongoni mwa watunzi, wala la Tony Allen, mpiga dramu ambaye mikono na miguu yake ndiyo iliyouzaa mtindo wa afrobiti. Lakini ndani ya studio jina hilo lilijulikana vizuri. Santuri ilipotolewa upya mwaka 2006 pamoja na vipande ambavyo havikumalizwa, kimojawapo kilikuwa na jina "Fela's Riff", yaani kipande cha Fela. Jina la mwenye mali lilikuwapo kabatini muda wote. Lilichelewa tu kutolewa nje kwa zaidi ya miaka ishirini.

Na huyo Fela alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa Lagos. Mwezi Februari 1977, mwaka ule ule wa santuri ya kwanza ya Talking Heads, wanajeshi waliivamia nyumba yake, wakawapiga watu wake na kuiteketeza kwa moto. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, mpigania haki za wanawake, alitupwa kutoka dirishani, na mwaka uliofuata akafariki. Mapigo yale hayakuwa pambo la kuchezea. Yalikuwa silaha ya mtu aliyelipa kwa damu. Anayeyaazima bila kumtaja huyaondolea sababu ya kuwapo kwake.

Hoja za wapinzani

Twajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa: hata Fela aliazima! Ni kweli, tena kweli tupu. Fela alichota kwa James Brown, akachota katika jazi, akachota katika hailaifu ya Ghana na Nigeria. Na safari yake ya Marekani mwaka 1969 ndiyo iliyomfungua macho juu ya harakati za Weusi. Lakini hoja hiyo inatusaidia sisi, wala haiwasaidii wao. Kama kila mtu ameazima, basi kutaja ndiko kunakoutofautisha urithi na uporaji. Hatuulizi nani alikuwa wa kwanza duniani kupiga ngoma. Tunauliza kama njia iliyopitwa imeachwa na taa ili wanaokuja nyuma waione.

Tutaambiwa tena: sheria hailindi mapigo, hulinda wimbo uliotungwa. Na hilo nalo ni kweli. Ndiyo maana Al Green alitajwa na Fela hakutajwa. Sheria za mataifa hayo zilitungwa na watu waliojua kuandika nota na maneno karatasini. Utajiri wetu ulikuwa katika miguu na viganja, na karatasi haikuuona. Je, lisilo katika sheria si wajibu? Mtoto asiyemwamkia mzee hapelekwi mahakamani, lakini hatusemi kwamba ameadabika.

Anayetaka kuona msemo wa "hauna mwenyewe" unavyoweza kumfikisha mtu pabaya, na aitazame santuri nyingine, ile ambayo Byrne na Eno waliitengeneza wawili na kuitoa mwaka 1981, My Life in the Bush of Ghosts. Jina lake limetoka katika riwaya ya Amos Tutuola wa Nigeria, ya mwaka 1954. Na Byrne mwenyewe alikuja kueleza kwamba walipoitengeneza santuri hiyo walikuwa bado hawajaisoma riwaya. Ndani yake hawakuimba wao. Walichukua sauti za watu wengine: wahubiri wa redioni, mwimbaji wa Lebanoni, hata Waalgeria wakisoma Qurani, wakazitandaza juu ya mapigo. Waislamu wa Uingereza walilalamika, na kipande hicho kikaondolewa katika matoleo yaliyofuata. Walikiondoa, nasi twawashukuru. Lakini kwa nini walingoja kulalamikiwa? Kwa sababu waliisikia sauti, na hawakumsikia msomaji. Waliukubali upepo, wakausahau mdomo.

Umoja uliovunjika

Tumefika penye kiini cha hoja yetu. Asiyemtaja jirani aliye mbali, huja siku asiyemtaja ndugu aliye ubavuni. Remain in Light ilitokana na watu watano wakibuni vipande vyao pamoja. Ilipotoka, nyimbo zake ziliandikwa kuwa ni za David Byrne, Brian Eno na Talking Heads. Wawili wakapewa majina yao. Frantz, Weymouth na Harrison wakafunikwa na jina la bendi kana kwamba ni shuka. Malalamiko yakazuka, na katika matoleo ya baadaye watano wote wakatajwa. Jeraha lakini lilikwisha kutiwa.

Huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote. Walijifunza ngoma inavyopigwa, wasijifunze ngoma inavyomilikiwa. Katika ngoma ya kwetu yupo kiongozi, na sifa zake anapewa. Lakini anayeshika mapigo madogo, yale yasiyobadilika, huheshimiwa pia, kwa sababu akikosea yeye kiongozi hana pa kusimama. Mapigo yalivuka bahari. Adabu yake ikabaki pwani.

Hatusemi kwamba baada ya hapo hawakufanya kazi njema. Frantz na Weymouth waliunda kundi lao, Tom Tom Club, na mwaka 1981 wakatoa "Genius of Love", ambao wanamuziki wengi wameutumia tena katika nyimbo zao. Mwaka 1983 bendi ilitoa Speaking in Tongues, na mwaka 1984 ikatoka filamu ya Jonathan Demme, Stop Making Sense. Mwanzo wa filamu hiyo ni somo la darasani. Byrne huingia peke yake na gitaa na kinasa-sauti. Katika wimbo wa pili huja Weymouth, kisha Frantz, kisha Harrison, kisha wengine, mpaka jukwaa likajaa. Hatujaona picha iliyo bora kuliko hiyo ya kuonyesha jinsi sauti moja isivyo wimbo. Laiti maisha yao yangalifuata filamu yao!

Yaliyofuata yanasimulika kwa ufupi. Little Creatures ya mwaka 1985 na True Stories ya mwaka 1986 zilirejea kwenye nyimbo za kawaida. Santuri ya mwisho, Naked ya mwaka 1988, ilirekodiwa Paris pamoja na wanamuziki wenye asili ya Afrika, miongoni mwao Abdou M'Boup wa Senegal na Yves N'Djock wa Kamerun. Na safari hii wageni walitajwa kwa majina. Mwaka 1991 bendi ilikufa. Frantz amesimulia kwamba yeye na wenzake walipata habari za kifo hicho kwa kusoma gazeti. Mwaka 1996 wale watatu walipotoa santuri kwa jina la The Heads, Byrne alikwenda mahakamani kuwazuia, na shauri likamalizwa kwa mapatano. Walianza kwa kutolitaja jina la mwingine. Wakamaliza kwa kugombea jina lao wenyewe.

Ngoma inarejea kwao

Hadithi hii ina mwisho wa faraja, na faraja hiyo imetoka Afrika. Angélique Kidjo, mwimbaji wa Benin, alihamia Paris mwaka 1983. Huko aliusikia wimbo "Once in a Lifetime" akasema kwamba huo ni muziki wa Kiafrika. Akaambiwa la, hii ni roki. Hakusahau. Mwaka 2018 aliirekodi upya santuri yote ya Remain in Light tangu wimbo wa kwanza hata wa mwisho, akaongeza maneno ya lugha za kwao, na mmoja wa waliompigia dramu alikuwa Tony Allen yule yule, miaka miwili kabla ya kifo chake.

Tunaomba wanafunzi walitafakari tendo hili. Kidjo hakulia kwamba ameibiwa. Wala hakusema muziki hauna mwenyewe. Alikwenda akaichukua ngoma iliyotembea, akairudisha nyumbani, akamketisha mwenyewe kwenye kigoda chake, na katika kufanya hivyo akawataja pia wale waliokuwa wameiazima. Masharti yote matatu yalitimia.

Na sisi je?

Sasa turejee kwetu, maana haki haina upande mmoja. Tumewahukumu vijana wa New York; je, sisi tungeshinda kesi hiyo? Ni mara ngapi vikundi vya shule zetu vimekwenda kijijini, vikafundishwa wimbo na mzee aliyeubuni mwenyewe au aliyeupokea kwa mwalimu wake anayemjua kwa jina, kisha kwenye karatasi ya mashindano tukaandika maneno mawili tu: "wimbo wa asili"? Maneno hayo yana sura ya heshima, na kumbe ni shuka lile lile walilofunikwa akina Frantz. Asili haikuimba. Aliyeimba ni mtu.

Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 haikuziacha sanaa za jadi bila ulinzi. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kazi hiyo ni ya mwalimu na mwanafunzi, nayo haihitaji fedha. Inahitaji daftari. Mwanafunzi anayekusanya wimbo na aandike: ameuimba nani, wapi, mwaka gani, aliupokea kwa nani, huimbwa katika shughuli gani, na nani alikuwa akiitikia. Kikundi kikipata tuzo, mzee naye apate fungu lake na mwaliko wa kiti cha mbele. Ukipewa shibiri, usichukue pima.

Wapo watakaoona kwamba hayo ni madogo. Sisi tunasema kwamba taifa hujengwa au hubomolewa kwa madogo ya namna hiyo. Mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Remain in Light katika orodha ya sauti zinazohifadhiwa kwa faida ya taifa lile. Wao wameandika kumbukumbu yao. Bibi yule aliyetufundisha wimbo, ambao sisi tulikwenda kupigiwa makofi kwa ajili yake, ameandikwa katika daftari gani? Mpaka tutakapoweza kulijibu swali hilo, tusithubutu kumwambia mtu yeyote, wa Lagos wala wa New York, kwamba muziki hauna mwenyewe.